Vidole vya Mama na Waya wa Baharini

Mwezi wa Januari 2020 nilimtoa mama yangu Bwejuu nikampeleka mjini kwenda kuonyesha vidole. Ndivyo alivyoisema yeye safari ile alipokuwa akiagana na jirani zake: "Naitwa mjini, wanataka kuviona vidole vyangu." Serikali ilianza tangu Mei 2019 kutaka kila laini ya simu isajiliwe upya kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na baada ya muda kuongezwa, siku ya mwisho ikawa tarehe 20 Januari 2020. Mama alikuwa na laini moja tu. Ndani ya laini hiyo mlikuwa na shilingi 140,000, fedha za mwani alizokuwa akiziweka kidogo kidogo ili aezeke upya banda lake la jikoni kabla ya masika.

Kampuni yenyewe sitaitaja, na wala kijana tuliyemkuta dukani sina ubaya naye. Alimwamkia mama vizuri, akampa kiti, akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akakiweka kidole gumba juu ya kijioo cha mashine. Mashine ikalia. Akaweka cha pili, ikalia tena. Akavipangusa vidole kwa kitambaa, akajaribu cha shahada cha mkono wa kulia na cha kushoto.

"Bi mkubwa, alama hazisomi."

"Hazisomi vipi, mwanangu, na mimi ndiye mwenyewe?"

"Mfumo unakataa, bibi."

Mama akaangaza huku na huku mle dukani, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyo Mfumo yuko wapi, nimwamkie?"

Vijana waliokuwa kwenye foleni walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini tulipotoka nje sikucheka tena. Mtu asiyejua kazi za wanawake wa pwani ya mashariki hawezi kujua vidole vile vilikwenda wapi. Mama alianza usumba akiwa msichana. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, yakakaa miezi mpaka yakaoza, kisha hufukuliwa yakiwa na harufu isiyosahaulika, yakapondwa kwa vigongo hadi zikabaki nyuzi, na nyuzi zikasokotwa kamba kwa viganja. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza upande wetu, Paje, Jambiani na Bwejuu, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na mama akatoka kwenye makumbi akaingia majini. Miaka 30 ya kufunga vishada vya mwani kwenye kamba ndani ya maji ya chumvi. Ngozi ya vidole vyake ni laini na inang'aa kama gome la kaure.

Kijana alituambia turudi wiki inayofuata, labda mtandao utakuwa mzuri. Tulirudi. Mara ya pili tukaambiwa tulete barua ya sheha. Na wiki hiyo ilikuwa ya bamvua. Mwani huvunwa na kupandwa maji yanapokupwa sana, siku chache tu katika kila mwezi, na anayezikosa siku hizo huwaachia samaki na mawimbi.

Katika gari ya kurudi shamba, mara ile ya pili, mama alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Alisema, "Mwaka aliokufa mjomba wako Mombasa, mbona simu ilinifikia bila ya mtu kuniuliza vidole?"

Ilikuwa mwaka 1968. Neno simu, msomaji, wahenga wetu walilichukua kwa Waajemi, na maana yake ni waya. Kwa wazee wa mama kupiga simu kulikuwa ni kupeleka maneno kwa posta yakaandikwa kwenye karatasi. Bwejuu hapakuwa na posta wala simu ya aina yoyote. Karatasi ile ilifika mjini asubuhi, na karani mmoja, ambaye jina lake hatukupata kulijua, alipoona imeandikwa jina la mwanamke wa Bwejuu asiye na sanduku wala mtaa, hakuitia katika kabati la barua zisizo na wenyewe. Alikwenda nayo kwa miguu mpaka yanapopakia magari ya shamba, akaulizia dereva wa Bwejuu, akampa mkononi, akamsomea na yaliyomo ili asije akaitoa kwa pupa mbele ya watu. Dereva alimsubiri mama ateremshe mzigo wake wa kuni ndipo akamwambia. Usiku ule ule matanga yakakaa.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa miaka kadhaa sasa. Watu wa umri wangu tuna tabia ya kusifu kila kilichopita, na mimi najua kwamba mengi tunayoyasifu hatukupata kuwa nayo. Kwa hiyo nimejaribu kuirudia historia yenyewe, nione kama kweli huko nyuma mambo yalikuwa ya kuaminika zaidi, au ni macho ya uzee tu.

Kabla ya waya, habari zilikuja Unguja na kaskazi na zikaondoka na kusi. Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini karibu na Shelisheli tarehe 19 Oktoba 1856, watu wa Zanzibar hawakujua kitu mpaka meli yake ilipotokea na maiti ndani. Dakitari Livingstone alikufa Mei 1873, na maiti yake ikafika pwani yetu Februari 1874.

Waya ulikuja kwa sababu ya vita vya watu wengine. Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa vibaya na Wazulu pale Isandlwana, na habari zikachukua karibu wiki tatu kufika London, maana kutoka Cape ilibidi zipande meli kwanza mpaka mahali penye waya. London ilighadhibika, fedha zikapatikana upesi, na kabla mwaka ule haujakwisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imetandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar kuendelea Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Ndani yake mlikuwa na shaba, shaba ikavikwa utomvu wa miti ya nchi za Malaya, na juu yake ikazungushiwa nyuzi za chuma ili miamba isiukate. Mwaka 1893 ukatoka mwengine hapa hapa kwenda Shelisheli na Mauritius. Kisiwa chetu kikawa njia panda ya maneno ya dunia. Jengo la simu za nje pale Shangani liligeuzwa hoteli ya kifahari katika miaka ya 1990, na wageni wanaokunywa chai barazani wanatazama bahari ile ile ambamo nyaya zilizama.

Waya ule ulikatika mara nyingi. Hili lazima niliseme, kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo. Ulikatwa na nanga, ukasagwa na matumbawe, ukatafunwa na vijidudu vya baharini. Ulipokatika, fundi aliyekaa ufukweni alipitisha umeme ndani yake, akapima ukaidi wa shaba, akapiga hesabu, akasema umekatika maili kadhaa kutoka hapa. Meli ya nyaya ikaenda mahali hapo, ikakokota nanga ya makucha juu ya mchanga mpaka ikaunasa, ikauvuta juu, mafundi wakaunga, wakaurudisha. Kazi hiyo hufanywa mpaka leo kwa namna inayofanana sana na hiyo. Chombo kilikuwa dhaifu, lakini palikuwa na mtu aliyelipwa ili ajue kimeharibika wapi, na alikuwa akikaa Shangani.

Ila tusijidanganye waya ule ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa mabalozi na matajiri wa karafuu na pembe, na bei yake ilihesabiwa kwa neno. Tarehe 26 Agosti 1896, Balozi Cave aliutumia kuwauliza wakubwa zake kama anayo ruhusa ya kumpiga mizinga Sayyid Khalid bin Barghash aliyekuwa amekaa katika kasri. Ruhusa ilikuja kwa waya. Asubuhi ya pili, kwa muda wa dakika 40 hivi, watu kiasi cha 500 waliuawa na kujeruhiwa. Siku hiyo huduma ilikuwa ya haraka na ya uhakika kabisa.

Na taa za umeme vile vile. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Lakini Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883 iliitwa ya maajabu kwa sababu ya mambo ambayo raia wake waliyatazama kwa mbali tu: taa zisizo na mafuta na chumba kinachopanda juu chenyewe. Wamarekani nao wakatujengea reli ya kwenda Bububu mwaka 1905, na reli hiyo haikufika hata 1930. Vyote hivi havikufika Bwejuu. Bibi yangu alizaliwa, akaolewa, akazikwa kwa mwanga wa kibatari.

Kitu cha kwanza cha aina hii kuingia nyumbani kwetu kilikuwa redio. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na baba alinunua redio yake miaka michache baadaye kwa fedha alizopata kwenye msimu wa karafuu alipokwenda kuchuma kaskazini. Redio ilikuwa nzito, ya valvu, na betri yake ilikuwa kubwa kama tofali. Iliharibika kila mwaka, hasa wakati wa masika. Baba aliifunga ndani ya kikoi akaipeleka kwa fundi mmoja Mkunazini, Muhindi aliyekuwa na miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso. Fundi aliifungua mbele yetu. Alituonyesha: valvu hii imekufa, waya huu umeota kutu kwa chumvi ya kwenu. Akalehemu, moshi ukapanda, redio ikasema. Hakuandika risiti. Ikiharibika tena kabla ya mwezi kwisha hakutoza kitu, na aliona haya. Naikumbuka haya yake kuliko ninavyoikumbuka redio. Alikuwa akimwambia baba, "Usinihesabie hii, mzee, hii ni aibu yangu."

Leo nina simu ambayo ina nguvu zaidi ya vyombo vyote vilivyokuwa ndani ya jumba lile la Shangani, na imegundishwa kwa gundi ili isifunguliwe. Fundi wa Darajani, kijana hodari, aliitazama ilipokufa akaniambia, "Mzee, hii haitengenezwi, inabadilishwa." Si kosa lake. Aliyeiunda alikusudia hivyo.

Nisije nikaonekana naichukia simu ya mkononi. Wanaozisifu siku za zamani wamesahau miaka ya Shirika la Posta na Simu, lililoundwa mwaka 1978 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu aliomba simu, akaoa, akazaa, akapeleka mtoto skuli, na simu bado. Mwaka 1994, shirika lile likiwa limegawanywa, simu za mkononi zilianza Dar es Salaam, na mwaka 1999 ikaundwa kampuni iliyokuwa na asili ya Zanzibar, na baada ya muda hata mvuvi aliye ndani ya ngalawa akaweza kuuliza bei ya changu mjini kabla hajafika pwani. Fedha, ambazo zamani tulimpa dereva ndani ya bahasha tukimwomba Mungu, zikaanza kwenda kwa kubonyeza. Mama yangu, asiyesoma ila msahafu wake, alizijua tarakimu zote za kutuma fedha kwa moyo. Kilichompata mwaka 2020 kiliuma kwa sababu alikwisha kuamini. Asiyepewa kitu hakosi kitu.

Tulikwisha kuonywa, nadhani, na lile giza. Umeme wa kisiwa chetu tangu 1980 unatoka Bara kwa waya wa baharini unaoingilia Fumba. Waya ule wa kwanza ulipangiwa megawati 45, na watu wakaongezeka, mahoteli yakaongezeka, mafriji yakaongezeka, waya ukabaki ule ule. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa muda wa wiki nne. Mwezi Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mtafiti mmoja, Alfredo Burlando, alichapisha mwaka 2014 uchunguzi wake juu ya giza la 2008 akaonyesha kuwa miezi kiasi cha tisa baadaye watoto wengi zaidi walizaliwa, jambo ambalo wakunga wetu wangemwambia bila ya hesabu. Alionyesha pia, na hili halichekeshi, kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito mdogo, hasa kwa familia zilizokuwa zikila kwa kazi za umeme.

Kwetu Bwejuu nilichokiona katika lile giza la pili ni kwamba ufundi wa kuishi bila umeme ulikuwa umekufa bila kuagwa. Kisima cha mawe cha kina babu kilikuwa kimejaa majani makavu kwa sababu tulitegemea pampu. Karabai zilikuwepo, lakini nani bado anajua kuzitia pumzi na kubadilisha kitambi chake? Mzee mmoja tu. Alizunguka nyumba kwa nyumba kama dakitari. Usiku mahoteli yaling'aa kwa majenereta, na kijiji kilichokuwa katikati yao kilikuwa cheusi kama jino lililong'oka. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100, kwa fedha za Marekani, na visima vikafunikwa tena.

Ama Beit al-Ajaib, jumba la taa za kwanza, upande wake mmoja pamoja na mnara wa saa ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, ukaua watu. Jumba halikuanguka kwa sababu lilijengwa vibaya. Lilikaa miaka 137. Mtu wa kulitazama kila siku, akaona ufa ungali mdogo, ndiye aliyekosekana.

Tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa nikizungumza na dada yangu aliyeko Muscat, tunaonana uso kwa uso kwenye kioo, mara uso wake ukaganda, mdomo wazi. Nilidhani ni kifurushi kimekwisha. Kumbe nyaya za baharini, EASSy ya mwaka 2010 na Seacom ya 2009, zilikuwa zimekatika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, karibu na njia ile ile ya mwaka 1879. Nchi nzima ilisuasua. Jioni kampuni ikaniletea ujumbe wa kuniomba radhi kwa usumbufu. Niliujibu ujumbe ule, kwa ujinga wangu, nikaandika: "Tumeshapoa, lakini mtatengeneza lini?" Nikajibiwa kwamba namba hiyo haipokei ujumbe.

Lakini sijamaliza habari ya mama. Mara ya tatu tulikwenda mjini tarehe 20 ikiwa imekwisha pita na laini yake imezimwa. Barua ya sheha tunayo, picha tunayo, bamvua imekwenda na mwani wake. Kijana wetu hakuwepo. Alikuwepo mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa shingoni, ambaye alimpokea mama kwa kumshika mikono yote miwili kabla hajagusa mashine. Akaigeuza, akaitazama viganja.

"Mama, wewe wa wapi? Jambiani?"

"Bwejuu."

"Ulikuwa ukipiga makumbi."

"Tangu sijavunja ungo."

Yule mwanamke akaacha vidole gumba na vya shahada, ambavyo ndivyo mashine iliyoelekezwa kuvianzia, akakichukua kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kinachokaa nje ya kamba mtu anaposokota. Akakipaka mafuta kidogo kutoka katika mkoba wake, akakiweka juu ya kijioo. Mashine ilinyamaza. Kisha ikakubali. Mama yake mwenyewe, alituambia, alisokota kamba Makunduchi.

Fedha zote 140,000 zilikuwemo. Nauli zetu za safari tatu na chakula cha njiani, pamoja na mwani uliopotea, sikutaka kuzipigia hesabu mbele ya mama.

Miezi michache baadaye mama aliniambia nimpelekee yule mwanamke kifurushi cha pweza mkavu. Nikaenda. Duka limefungwa, mlangoni pamebandikwa karatasi yenye namba ya kupiga kwa huduma zote. Niliporudi Bwejuu nikaipiga nikiwa nimekaa barazani, mama yu uani anaanika mwani juu ya makuti. Sauti nzuri ya mwanamke ikanikaribisha, ikaniambia nibonyeze moja kwa Kiswahili, kisha nibonyeze nne, kisha ikapiga muziki.

"Umempata?" mama akauliza.

"Bado, mama. Hawajapokea."

"Basi ngoja," akasema, akaugeuza mwani upande wa pili.